Shule ya Serikali ya Tabora: Historia na Usanifu wa Majengo katika Njia ya Kale ya Misafara

Utangulizi

Makala hii inafafanua namna majengo ya Tabora yanavyoweza kusomwa kama nyaraka za historia, kwa kuiweka Shule ya Serikali ya Tabora katika mkondo wa usanifu uliotangulia. Maandishi mengi juu ya shule hii huishia kutaja majina ya viongozi waliosoma hapo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shule ilijengwa ili kuimarisha mamlaka ya watemi, lakini ikawa miongoni mwa mahali palipolea watu waliokuja kuyaondoa mamlaka hayo.

Kutoka tembe hadi reli

Kabla ya ukoloni, Tabora, iliyotajwa pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa baina ya Bagamoyo na Ujiji, ndani ya utemi wa Unyanyembe. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857. Jengo la kawaida la wenye uwezo lilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, vyumba vilivyozunguka ua wa ndani, na baraza mbele. Tembe la Kwihara, ambamo David Livingstone alikaa kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani, ni mfano unaojulikana zaidi.

Umbo hilo lilikuwa na sababu. Mpagazi alibeba takribani kilo 30 kichwani au begani. Hivyo, haikuwezekana kusafirisha vifaa vizito vya ujenzi kutoka pwani. Fundi alitegemea udongo na miti ya miombo iliyomzunguka. Aidha, ua uliofungwa ulihifadhi mali na watu katika zama za vita, hususani vita vya Mirambo dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe.

Wajerumani walibadili mpangilio huo. Januari 1893 waliivunja ngome ya Mtemi Isike, ambaye alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Boma lao likawa alama mpya ya utawala. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo mzito uliweza kuletwa kwa behewa. Kuanzia hapo jengo halikulazimika tena kutokana na ardhi lililosimama juu yake.

Shule na dhamira yake

Shule ilianza kujengwa mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza, na ilifunguliwa mwaka 1925. Mwaka huohuo Gavana Donald Cameron aliwasili na kuutilia mkazo utawala usio wa moja kwa moja. Sera hiyo ilihitaji watemi wanaoweza kusoma barua, kutunza hesabu na kusimamia baraza. Hivyo, watoto wa watemi ndio walengwa wa mwanzo, na katika miaka hiyo wanafunzi walipangwa kwa kufuata makabila yao. Baadaye mfano wa shule za bweni za Uingereza ulishika nafasi, pamoja na viranja, michezo na skauti.

Hapa usanifu na siasa vinakutana. Tembe lilikusanya watu wa nyumba moja na wategemezi wao kuuzunguka ua mmoja. Shule ya bweni iliwatoa vijana katika nyumba zao ikawakutanisha na wageni: walilala bweni moja, wakala pamoja na kusoma darasa moja. Mpangilio wa kikabila ulipolegezwa, maisha hayo ya pamoja yalibaki bila ukuta wa kuwatenganisha.

Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe, alipitia shule hiyohiyo. Baada ya masomo ya Makerere, Nyerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's. Mwaka 1958 mji huohuo ulipokea mkutano wa TANU uliokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi unaokumbukwa kama "uamuzi wa busara". Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ilifuta mamlaka ya kisheria ya watemi, na katika mwaka huo Fundikira alijiuzulu uwaziri.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba dhamira ya mjenzi haitoshi kueleza maana ya jengo. Matumizi ya waliomo nayo hulitungia jengo maana. Hili lina uzito katika uhifadhi. Tembe la Kwihara lilijengwa upya mwaka 1957 likawa makumbusho kwa sababu ya mgeni aliyekaa humo miezi michache. Shule, ambayo bado inafundisha, inastahili kumbukumbu ya kina hicho: michoro ya majengo, orodha za mabweni na masimulizi ya waliosoma humo yakusanywe kabla ukarabati wa kila siku haujafuta ushahidi.