Je, Wajua Njia Haihami, Huhama Nukta Zake Tu?

Faili ya njia iliyopangwa, ile inayoandaliwa kwenye kompyuta kisha kuingizwa katika kifaa cha GPS, haina barabara hata moja ndani yake. Ukiifungua utakuta orodha ya nukta, kila moja na nyuzi zake za latitudo na longitudo. Muundo wa GPX, uliotolewa mwaka 2002 ili vifaa vya makampuni tofauti vielewane, hutenganisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna alama ya mahali pamoja, kama vile lango la zahanati. Kuna njia iliyopangwa, yaani nukta chache zilizofuatana ambazo kifaa kinapaswa kuziunga chenyewe. Kisha kuna nyayo: nukta nyingi mno zilizonaswa mtu akitembea kweli, mara nyingi kila baada ya sekunde chache, kila moja ikiwa na tarehe na saa yake. Tofauti kati ya njia na nyayo ndiyo inayoamua kama safari iliyohamishwa kutoka kifaa kimoja hadi kingine itabaki ile ile. Njia iliyopangwa ina thamani sawa na ramani iliyomo katika kifaa kinachoipokea, wala haizidi hapo.

Chukua safari ya jijini Nairobi, kutoka Laini Saba, mtaa wa Kibera, hadi steji ya Kawangware 46. Sehemu ya Ngong Road haina taabu, kwa kuwa kila ramani inaijua. Vifaa viwili vikipewa nukta zile zile vitachora mstari ule ule mpaka Dagoretti Corner, na kuanzia hapo vitafuata Naivasha Road. Taabu iko mwanzoni, katika vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Kifaa ambacho ramani yake haina vichochoro hivyo kitaivuta safari hadi barabara kubwa iliyo karibu na kumzungusha msafiri, au kitachora mstari ulionyooka juu ya mapaa ya mabati. Faili imefika salama na hakuna nukta iliyopotea, lakini safari imekwisha kuharibika, na aliyeituma hana habari.

Kwa sababu hiyo, kazi iliyofanyika Kibera mwaka 2009 inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Wakati huo Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004. Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha Map Kibera, na vijana 13 wa Kibera wakapewa vifaa vidogo vya GPS, wakatembea kijiji baada ya kijiji wakinasa vijia, vyoo, sehemu za maji, shule, makanisa na misikiti. Nyayo zao zilihamishiwa kwenye kompyuta na kulazwa juu ya picha za setilaiti. Kuziunganisha hakukuwa kazi ya kubonyeza kitufe. Kifaa cha mkononi, hata kikiona setilaiti nne zinazohitajika au zaidi, hukosea kwa mita kadhaa, na mawimbi yakigonga mabati na kuta kabla ya kukifikia, kosa huongezeka. Watu wawili wakipita kichochoro kimoja, nyayo zao huonekana kama vichochoro viwili sambamba. Kompyuta haiwezi kujua kama ni kimoja au viwili. Ukichukua wastani wa nyayo za vichochoro viwili vya kweli, utapata kijia kinachopita katikati ya nyumba ya mtu. Anayeweza kuamua ni aliyepita pale, na hilo ndilo lililoupa mradi ule uzito wake.

Upande wa Kawangware fundisho lilitoka kwenye matatu. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, uliwatuma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu zenye GPS, na mwaka 2014 ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130 za jiji zima. Hapo kuna jambo ambalo kila anayeunganisha njia analikuta: mwelekeo. Matatu ya njia namba 46 inayokwenda mjini haiwezi kuchorwa kwa kugeuza orodha ya nukta za ile inayotoka mjini, kwa sababu katikati ya jiji kuna barabara za upande mmoja. Tena kuna pale njia mbili zinapoungana. Nukta ya mwisho ya faili ya kwanza ikiwa upande mmoja wa Ngong Road, na nukta ya kwanza ya faili ya pili ikiwa upande wa pili, kifaa kitamwamuru dereva atafute mahali pa kugeuza gari, kwa kuwa barabara hiyo sasa ina njia mbili zilizotenganishwa. Mita chache za uzembe huzaa mzunguko mrefu.

Mtu atasema wenyeji hawahitaji kifaa kuwaonyesha kwao. Ni kweli, lakini anayezaliwa katika kijiji cha Gatwekera, Kibera, si lazima ajue vichochoro vya kijiji cha Silanga, na dereva wa ambulensi anayeitwa usiku hajui vya popote. Mwingine atasema simu imemaliza habari hizi zote. Simu nayo huchora kwa ramani iliyopewa. Penye pengo itazungusha kama kifaa chochote kile. Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama: je, kumchora mnyonge si kumwonyesha mwenye tingatinga mahali pa kubomoa? Hofu hiyo ina msingi. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Hata hivyo barabara hiyo ilichorwa na wahandisi wenye vipimo vyao wenyewe, na utupu wa ramani ya umma haungemkinga yeyote. Waliobaki bila ramani ndio wanaobaki pia bila ushahidi wa shule na maji yaliyokuwapo.

Ubomoaji ule umeacha kazi ya kiufundi ambayo haijulikani sana. Nyayo za 2009 zilizopita mahali hapo sasa zinafuata vijia visivyokuwapo. Anayeziunganisha na nyayo mpya anahitaji ile tarehe na saa iliyoandikwa katika kila nukta, maana ndiyo inayoonyesha ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada. Baadhi ya programu za kupunguza ukubwa wa faili huifuta saa hiyo, na nyayo zikigeuzwa kuwa njia iliyopangwa kwa kawaida hupotea kabisa. Nakala ya awali, yenye nukta zake zote na tarehe kwenye jina la faili, iwekwe kando kabla ya kuunganisha chochote.