Mafundi wa majahazi wanavyoweza kuwarithisha wana kazi yenye faida

KIJIJI cha Matondoni, kisiwani Lamu, kinajulikana Pwani nzima kwa kazi ya kuunda majahazi na mashua. Kazi hii kwa kawaida haisomewi darasani. Baba humfundisha mwanawe, au mjomba mpwawe, na ujuzi hubaki kichwani mwa fundi kwani vyombo huundwa bila mchoro.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee akifariki kabla ya kijana kuishika kazi, vipimo vyake hufa naye. Vijana nao wana pengine pa kwenda: kuendesha bodaboda, kutembeza watalii, au kutafuta kibarua katika bandari mpya ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Atakayebaki na tezo mkononi ni yule anayeona kwamba kazi inalipa.

Mwanagenzi huanza chini. Hubeba mbao na kunoa tezo, kisha hutoboa matundu kwa keekee. Baadaye hufundishwa kukalafati, yaani kushindilia pamba iliyolowekwa mafuta baina ya mbao ili maji yasipenye. Kulaza mkuku na kuchagua mti wenye mpindo wa asili unaofaa kwa mataruma huja mwisho, na huchukua miaka.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi huwarithisha wana tezo bila kuwarithisha biashara. Kijana hufanya kazi kwa 'chakula na baraka', hajui mbao zilinunuliwa kwa bei gani wala mteja amebakisha deni gani. Akishaoa, huondoka.

Dawa yake ni mapatano ya mapema. Familia ikubaliane ujira wa kila siku wa kijana, hata uwe mdogo, na fungu lake chombo kinaposhuliwa. Ujira huo uhesabiwe kama gharama, si hisani ya baba.

Chukua mfano wa kazi ya ukarabati ya Sh60,000. Mbao, misumari, pamba na mafuta vikigharimu Sh35,000, na vibarua Sh15,000, zinabaki Sh10,000. Iwapo kijana amefanya kazi siku 15 na hakuhesabiwa, faida hiyo ni ya uongo. Kwa ujira wa Sh700 kwa siku angestahili Sh10,500, kumaanisha kazi imeleta hasara ya Sh500. Fundi asiyeandika hatalijua hilo.

Kijana aliyesoma anaweza kuanzia hapo. Afungue daftari, aandike malipo ya awali ya mteja, na awe na risiti na vibali vya mbao. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa na serikali Februari 2018 iliwabana pia wakataji wa mikoko Lamu, na fundi anayetegemea mbao za magendo hujiweka pabaya.

Pia ajue majira. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, wavuvi wengi huvipandisha vyombo pwani. Huo ndio wakati wa ukarabati, na mbao zinafaa kununuliwa kabla. Chombo kipya hakiagizwi kila mwezi, lakini kila chombo cha mbao huhitaji kukalafatiwa na kupakwa deheni mara kwa mara. Ukarabati ndio unaotia chakula mezani.

Ushindani upo. Boti za fibaglasi hazihitaji kukalafatiwa, na baadhi ya wavuvi wanazipenda. Mwana akitaka kujifunza kuzitengeneza, mzee asione ametukanwa. Karakana moja yaweza kuhudumia aina zote mbili.

Ujuzi wa zamani huweza kupokea malighafi mpya. Fundi Ali Skanda wa Lamu aliongoza uundaji wa Flipflopi, chombo cha urefu wa mita 9 hivi kilichotumia takribani tani 10 za taka za plastiki. Kilishuliwa 2018, na mapema 2019 kikasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mbinu zilikuwa zile zile za mafundi wa Lamu. Kilichobadilika ni mbao.

Kwa mzee mwenye karakana, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: amwite mwanawe kila mteja anapokuja kupatana bei. Kijana akae, asikilize, na aandike. Atakayejua bei ya kazi atakuwa na sababu ya kuilinda.