Kirusi na Mbu: Jinsi Saratani ya Burkitt Inavyoanza Mwilini mwa Mtoto

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt kutoka Ireland, amtazame mtoto wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Hili halikuwa jipu. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, Burkitt alikutana na mtoto mwingine mwenye mataya ya namna ile ile. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe humo pia.

Burkitt akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa. Ikabainika kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari, uliokuwa ukiandikwa kama magonjwa tofauti, mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya limfosaiti B, yaani seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lile lile: mmewahi kuona watoto wa aina hii? Majibu yalipopangwa kwenye ramani, mkanda ukajitokeza. Ugonjwa ulikuwepo pwani, kandokando ya maziwa na kwenye mabonde yenye joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa adimu. Ramani hiyo ilikaribia sana kufanana na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo, kabla ya safari, Burkitt alikuwa amehutubia London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye mara moja alishuku kwamba kuna kirusi nyuma ya saratani hii. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuambulia kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu uliufunga uwanja wa London na ndege ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa kuwa bakteria wameyaharibu. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliweka tone chini ya hadubini. Akaona seli hai za saratani, zimebanduka kutoka kwenye kipande cha uvimbe na kuelea. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabara, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi ndani yake. Kwa majina ya Epstein na msaidizi wake Yvonne Barr, kikaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini hapo ndipo fumbo lilipokolea. Kirusi hiki huambukizwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Katika Afrika watoto wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kama kimeenea hivyo, mbona wanaougua saratani ni wachache?

Jibu ni kwamba kirusi hakifanyi kazi peke yake. Kikishaingia ndani ya limfosaiti B, huisukuma ijigawe, kisha hujificha humo maisha yote, huku kinga ya mwili ikikidhibiti. Malaria inayorudi mara kwa mara huivuruga hali hiyo. Vimelea vyake huzichochea limfosaiti B zizaliane kwa wingi na kudhoofisha seli za ulinzi zinazokidhibiti kirusi. Katika pilikapilika hiyo, kromosomu huweza kukatika na kuungwa pasipo pake: jeni la MYC, linaloamuru seli ijigawe, huhama kutoka kromosomu namba 8, mara nyingi hadi namba 14, na kukaa jirani na jeni za kingamwili ambazo haziachi kufanya kazi. Amri ya kujigawa huwa haina kikomo. Seli yenye hitilafu kubwa namna hiyo kwa kawaida hujiua, lakini kirusi huisaidia iendelee kuishi.

Virusi vingine vinavyohusishwa na limfoma vina njia zao. VVU huangusha kinga na kuacha limfoma zipate nafasi. HTLV-1, kinachopatikana sana kusini-magharibi mwa Japani, hukaa ndani ya limfosaiti T na kuweza kuleta saratani miongo kadhaa baadaye. Homa ya ini ya aina C huchochea limfosaiti B kwa miaka mingi, na wapo wagonjwa ambao limfoma yao ya wengu ilirudi nyuma baada ya kutibiwa kirusi tu.

Kwetu sisi, maana ya ushirika wa kirusi cha Epstein-Barr na malaria iko wazi. Chanjo ya kirusi hicho bado haijapatikana, lakini mshirika wake tunamjua na tunaweza kumpiga vita. Chandarua chenye dawa, matibabu ya haraka ya malaria na chanjo zake mpya vinamlinda mtoto dhidi ya homa, na huenda vikampunguzia pia hatari ya saratani hii.

Kwa mzazi, muuguzi na tabibu wa meno: mtoto mwenye taya linalovimba, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotokeza au tumbo linalokua haraka afikishwe hospitali kubwa mara moja, uvimbe ukapimwe. Kung'oa jino hakutibu ugonjwa huu. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo kila wiki ya kungoja ni hasara. Hata hivyo, kasi hiyo hiyo huufanya usikie dawa upesi, na katika nchi zenye huduma kamili watoto takribani tisa kati ya kumi hupona. Wa kwetu nao wanaweza kupona, mradi wafikishwe mapema na wamalize dawa.