Mwanao anataka kuandika filamu? Msikilize kwanza

Mzazi wa Tanga akisikia kijana wake anataka kuandika skripti za filamu, swali huwa moja: atakula nini? Wasiwasi huo una msingi, lakini kazi ipo. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kurushwa mwaka 2012, ilifikisha elimu ya Ukimwi na uzazi wa mpango sebuleni kupitia hadithi tamu.

Sasa kuna uhalisia pepe. Mtazamaji huvaa miwani maalumu na kujiona yumo ndani ya tukio. Mkenya Ng'endo Mukii alitengeneza Nairobi Berries kwa njia hiyo mwaka 2017.

Uandishi wake ni tofauti. Kwenye filamu za kawaida kamera humchagulia mtazamaji cha kuona. Hapa anageuka atakako. Tuseme tukio ni mnada wa samaki Deep Sea. Mwandishi akitaka mtazamaji aone mashua inayoingia, humwekea kelele za wavuvi mgongoni ili ageuke.

Afya nayo ina nafasi yake. Macho yakiona mwendo huku mwili umetulia, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Hivyo skripti iwe fupi, isiyokimbizana.

Kuanza kunahitaji daftari tu. Ila mkumbushe: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyoandikwa, si wazo la mdomoni. Aandike kwanza, ndipo asimulie. Na asikabidhi kazi bila mkataba wa maandishi.