Mgeni wa Majuu Atalala Kwako? Barua ya Mwaliko Huandikwa Hivi

Kenya iliondoa viza Januari 2024, lakini wageni wa nchi nyingi bado lazima waombe kibali cha eTA mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Fomu inauliza atalala wapi. Wa hoteli anaweka risiti. Beshte yako atalala kwa keja yako, so anahitaji barua kutoka kwako.

Isikutishe, ukurasa mmoja unatosha. Andika jina lako kamili, namba ya kitambulisho, simu na unapoishi. "Umoja, karibu na stage" haitoshi. Taja barabara, ploti na namba ya nyumba. Kisha jina la mgeni na namba ya pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa ndio wengi huchoma: Mary kwa barua na Marie kwa pasipoti ni watu wawili. Sema mnajuana vipi, anaingia na kutoka lini, na nani analipia nini. Tarehe ziendane na tiketi. Piga sahihi, ambatanisha kopi ya kitambulisho.

Usimdanganyie, hata kama ni msee wako wa damu. Akija kupiga kazi usiandike "matembezi", juu jina lililo chini ni lako. Na kama mlijuana juzi tu kwa intaneti, hiyo kopi ya kitambulisho usiitume haraka hivyo.

Mwambie aombe kupitia etakenya.go.ke pekee. Kuna tovuti zingine zinafanana nayo, na hizo zitamkamua dooh bure.