Kabla Kogo Hajarudisha Pesa

Shule zimefungwa, na bonasi ya majani chai ya Oktoba haijaisha yote. Mnatoka Merigi na watoto, mnapitia Kericho kwenda Kapsabet kwa kogo. Umeshamtumia elfu mbili za sukari na unga (mursik anayo mwenyewe!). Mara anapigiwa simu: “Mama, nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie, watoto watalala njaa.” SMS nayo inafanana kabisa na zetu. Kogo ana huruma, na hapo ndipo wanampata.

Mkifika, keti naye. SMS si pesa. Apige *334# aone salio kwanza. Hata kama zimeingia, asirudishe mwenyewe, aliyetuma atupigie sisi. PIN asimpe yeyote, hata mjukuu anayemsaidia kubonyeza. Sisi wenyewe hatumwulizi.