Si Kila Anayeyumba Amekula Muguka

Jioni pale Mama Ngina, kijana akipita huku anayumba, walioketi ukutani wameshatoa hukumu: huyo amekula muguka, ama ana jini la bahari. Shina la ubongo? Nani alitaje! Na kweli, mara nyingi silo. Lakini wapo wachache ambao ndilo.

Shina hili ni kijisehemu kidogo tu, kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Pumzi, mapigo ya moyo, kumeza, macho kwenda pamoja, yote yapita hapo. Uvimbe ukiota karibu yake, mtu huamka na kichwa kinamgonga, anatapika, anapaliwa na maji, anaona feri mbili pale Likoni ilhali ni moja. Sasa shida yetu ni kwamba kila dalili ina jina lake mtaani: malaria, alsa, presha. Miezi yakatika kwenye duka la dawa.

Kuna uvimbe mmoja nadra uitwao ganglioglioma, mchanganyiko wa seli za neva na seli za glia, zile zinazozishikilia na kuzilisha neva. Mara nyingi huota pembeni mwa ubongo na kuleta kifafa. Kwenye shina huonekana kwa nadra sana. Ndugu yake wa ventrikali ya nne alielezwa na madaktari mwaka 2002, WHO ikamwingiza kwenye orodha yake 2007. Juzi tu, yaani.

Kuugundua ni kazi. CT husumbuliwa na mifupa minene ya nyuma ya kichwa, kwa hivyo MRI ndiyo huonyesha vizuri. Hata hiyo haikwambii ni seli gani. Lazima kikatwe kipande, na mahali penyewe ni pa hatari, kwa hivyo huchukuliwa kidogo mno. Ukichota kijiko cha wali mtupu utaapa sufuria ya pilau haina nyama? Kipande kikiangukia upande wa glia pekee, maabara huenda ikasoma astrositoma. Ganglioglioma nyingi ni daraja la 1, hukua polepole. Jina likikosewa, mtu anaweza kupigwa mionzi asiyoihitaji.

Kwa hivyo, ukiyumba wiki mbili, nenda Makadara ukaangaliwe macho na mwendo. CT ikisema safi na bado wayumba, uliza kuhusu MRI. Na kama kipande kilikatwa, jua kwamba huhifadhiwa kwenye nta. Una haki ya kuomba kisomwe tena na mtu mwingine.